Kuongeza Dau Mbele ya Mkwe

Kila Jumamosi alasiri, mataruma ya mwisho yakiisha kupangwa, Amédée, mkandarasi wa Kizungu aliyetengeneza tuta la reli hapa Kamina, aliweka meza katika baraza ya ghala lake na kuchanganya karata. Ilikuwa mwaka 1938, na wafanyakazi wake walicheza naye ishirini na moja, mchezo ambao anayeikaribia hesabu hiyo bila kuipita ndiye mshindi. Fedha hakuzitaka, kwa kuwa alikuwa nazo; dau aliwekewa Dominika, siku yenyewe ya Jumapili. Aliyeshinda aliongezewa Dominika ya pili, na watu waliihitaji, maana safari ya kwenda Kabongo kuwaona wazee na kurudi haikuenea katika moja. Aliyeshindwa alilala Jumamosi na kuamka Jumatatu, mwenye kiu kidogo.

Agar alikwisha kuzoea. Alfajiri ya Dominika mumewe, Kitwa, mmoja wa wafanyakazi hao, hakuwamo kitandani, ingawa shuka lilikuwa na joto lake. Nyumbani kwa Amédée, kabla Jumatatu haijafika, Dominika zilifuatana mbili, tatu, naye alinenepa kwa utulivu. Padri aliona tu kwamba wanaume wamepungua kanisani, akahubiri juu ya uvivu.

Tatizo la Kitwa lilikuwa adabu. Kwa Waluba, mkwe haonyeshwi mkono mfupi: akitaka mbuzi mmoja, unaleta wawili na kuinamisha macho. Amédée alipoligundua hilo alimwekea Mzee Ngoie, babake Agar, kiti kizuri kando ya meza. Basi kila Kitwa alipoulizwa kama anaongeza dau mara mbili, aliongeza, hata karata zake zikiwa ovyo.

Hivyo ndivyo alivyoipoteza Dominika ambayo binti yao angebatizwa. Padri alikwisha kumrudisha mtoto safari moja kwa sababu babake hakuwapo, na sasa mtoto alikuwa na homa isiyotaka kuondoka. Ilibaki Jumamosi moja ya kuikomboa siku hiyo.

Agar, aliyeuza karanga barazani pale na kuutazama mchezo kwa muda mrefu, alimketisha mumewe chini.

"Weye unaongeza juu ya baba," akasema. "Hauongeze juu ya karata."

"Mukwe anangalia. Miye nitarudi nyuma namna gani?"

"Ukiwa na kumi na moya, na muzungu anaonyesha sita, pale njo unaongeza. Watakupa karata moya tu, na nyingi iko za kumi. Ukiwa na kumi na sita, funga kinywa."

"Na baba yako?"

"Baba iko shauri yangu."

Jumamosi ilipofika, Agar alikigeuza kiti cha babake kikaelekea ukuta.

"Mukwe haone kitu," Amédée akasema.

"Anasikia," Agar akajibu.

"Ni muzuri tu," Mzee Ngoie akasema kutoka kitini. "Ukuta iko na baridi."

Kitwa aliweka Dominika ya mwezi uliofuata. Akapewa tano na sita. Amédée akafunua sita. Kitwa hakumtazama mtu. Akaongeza Dominika nyingine, akapokea karata moja, nayo ilikuwa nane. Amédée akaifunua karata yake iliyofichwa, kumi, kisha akavuta tisa, akapita ishirini na moja, akashindwa.

Mkandarasi alikuwa mwaminifu, akalipa papo hapo. Ya kwanza ilikuwa Dominika ya Kitwa mwenyewe. Ya pili aliichukua katika zilizokuwa karibu na mkono wake, nayo ilikuwa ya Banza, jirani yao, aliyeipoteza kwenye meza ileile.

Mtoto alibatizwa Dorothée, babake akiwa amesimama nyuma ya Agar kwa shati safi. Jioni homa ilimwachia. Watu walipolala kuamkia Jumatatu, Kitwa peke yake kati ya wafanyakazi aliamkia Dominika nyingine, ndani ya nyumba ya Banza. Watoto wa Banza walimwamkia kwa heshima. Léa, mke wa Banza, aliweka mezani bukari, ugali wa huko, na samaki wa mto Lualaba.

"Ni ya bwana yangu," Kitwa alipositasita, Léa akasema. "Lakini leo njo weye uko ndani. Kula, itapoa."

Alikula. Alasiri alienda kwa Amédée kuirudisha siku iliyobaki, ili apewe Banza. Amédée alikuwa kwenye kiti cha uvivu, akinywa kahawa.

"Dominika haipewe bure," akamweleza kwa upole. "Banza aje Jumamosi, acheze. Baba mukwe yake iko muzima?"

"Iko muzima."

"Amulete."

Jumatatu Kitwa na Banza walikutana kwenye tuta.

"Dominika yangu ilikuwa namna gani?" Banza akauliza.

"Muzuri. Bibi yako alipika samaki."

"Alitia mafuta?"

"Alitia."

Banza akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Wakainama, wakainua reli, kila mmoja upande wake.