Kanyaga, Shikilia, Achia

Shemeji yangu Idarusi hakuwa fundi. Naliweka wazi mapema, kwa sababu tangu afariki watu wa mtaa wetu wa Usagara wamempa ufundi ambao hakuwa nao. Alikuwa mtu wa mizani bandarini, akastaafu, akabaki na gari kuukuu aina ya Corolla lililokaribiana umri na ndoa yake, na hakukubali mkono wa mtu mwingine uliguse. Alilitengeneza mwenyewe, uani, chini ya bati, na mkewe, dada yangu Kijakazi, ndiye aliyekuwa msaidizi wake.

Nilikuwa nikilicheka gari lile waziwazi. Feni ya rejeta ilipokufa, Idarusi alifunga ya gari jingine na kuiwashia kwa swichi ya taa ya ukutani, ile nyeupe ya nyumbani, aliyoipigilia chini ya dashibodi. Honi ilibonyezwa kwa kitufe cha kengele ya mlango. Kitasa cha mlango wa nyuma kilitoka kwenye kabati la nguo. Sailensa ilikuwa na viraka vingi mno, nikamwambia shemeji kuwa viraka vimekwisha kuila sailensa yenyewe. Akacheka, akaniuliza mbona basi kila wiki naomba kupelekwa sokoni. Na kweli nilikuwa naomba.

Asubuhi ndiyo ilikuwa saa yao. Idarusi akishatoka msikitini alifungua boneti, na Kijakazi akakaa kwenye kiti cha dereva na kanga yake begani. Dada hajui kuendesha hata baiskeli. Lakini kutoa upepo kwenye breki si kazi ya mtu mmoja. Mmoja hulala chini karibu na gurudumu na spana yake, mwingine hukaa juu akikanyaga. "Kanyaga," sauti ya Idarusi ilitoka chini. "Shikilia. Achia." Breki zile ziliingia upepo kila mara. Siku moja nikawaambia wabadilishe huo mpira wa breki uliochoka unaoingiza upepo, kazi iishe. Wote wawili walinitazama kama mtu aliyeingia chumbani kwao bila hodi, nami nikaenda zangu jikoni. Wakishamaliza, walipakia madishi ya maandazi wakaondoka kwenda kwenye kantini ya dada, na mtaa mzima ulijua wametoka.

Idarusi alikufa ghafla, presha, hata daktari hakuwahi kumfikia. Alikuwa ameusia azikwe kwao Mkwaja kando ya mama yake, basi wanaume wakamchukua wakaenda naye. Kijakazi alibaki ndani, akaanza eda. Mimi nikahamia kwake ili asikae peke yake.

Nilidhani nitakaa na mtu wa kulia. Hakulia sana. Alichouliza kila siku ni gari: limefunikwa, kuku hawajapanda, mvua haiingii dirisha la kushoto? Siku moja tukichambua mchele akasema lililokuwa moyoni mwake.

"Nasma, siku n'takayotoka eda n'taka n'ende Mkwaja, nikaone alipolala. Na n'ende na gari lile lile, na makelele yake. Mle ndani bado yumo."

Nikamwambia gari ni bati tu. Aliniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye niliyefiwa, nami nikaona haya. Akaniapisha nisimwambie mtu. Alijua kwamba habari ya mwanamke kwenda makaburini ingeitiwa kikao, na kikao kingemnyima. Angetoka eda kwanza, ndipo aseme, na hapo asingekuwa na wa kumfungia mlango. Mimi nilinyamaza, na kwa mdomo wangu huu, haikuwa kazi ndogo.

Sabiri, mdogo wake Idarusi, anakaa Pongwe. Ni mtu mpole, wa maneno machache, na alimpenda kaka yake kupita kiasi. Alikuja wiki chache baada ya msiba, akasimama barazani bila kuingia kwa heshima ya eda, nami nikawa wa kupeleka maneno ndani na kuyarudisha nje. Alisema gari litaoza pale uani na betri itakufa, afadhali akalihifadhi kwake. Kijakazi alifikiri, akakubali. Alimwomba jambo moja tu, liwashwe kila asubuhi. Sabiri akajibu shemeji asiwe na wasiwasi. Wakalivuta kwa kamba, kwa sababu hakuna aliyejua ianze kuwashwa swichi ipi. Dada alisimama nyuma ya pazia akisikiliza matairi hadi yakapotea.

Tangu siku hiyo alihesabu eda yake kwa safari ile. Nilipomletea habari kwamba Sabiri anasema gari lipo salama, alikula vizuri usiku huo.

Sasa, kwetu mwanamke akitoka eda huvuliwa kila alichokaa nacho. Nguo za eda hugawiwa, yeye huogeshwa, hufukizwa udi, huvishwa vipya kuanzia juu hadi chini. Na jamaa wa marehemu wasipoleta chochote siku hiyo, watu husema wamemtupa mke wa ndugu yao. Mawifi walileta kanga na manukato. Sabiri akaona yeye atafanya zaidi, na kwamba kama mjane anatoka na vitu vipya, gari nalo lisitoke na uchakavu wa msiba.

Siku hiyo tulisikia honi nje, honi ya kweli. Nikafungua geti nikitaka kumwambia mwenye gari amepotea nyumba. Kumbe ni Corolla lile lile, limepakwa rangi, jeupe kama maziwa. Injini ilikuwa nyingine, viti vilikuwa na mavazi mapya, dashibodi ilikuwa nyingine, na waya zote za Idarusi zilikuwa zimeng'olewa. Baadaye nilijua Sabiri alikuwa ameuza mabati ya kuezekea nyumba yake ili aikamilishe kazi ile.

Sabiri alishuka akiwa na furaha ya kuona haya. Macho aliyaweka chini, akasema, "Shemeji, hili sasa hufungui boneti. Kila kitu ndani yake ni kipya."

Kijakazi alilizunguka gari polepole, kanga zake mpya zikinuka udi. Akafungua mlango wa dereva, akakaa, akaweka mguu kwenye breki. Akangoja. Mimi nilijua anangoja ile sauti ya chini ya gari. Nikamuuliza Sabiri vile vitu vya zamani viko wapi. Akasema fundi aliuza vyote kwa watu wa chuma chakavu, kwani ule ulikuwa uchafu tu. Hapo nilifungua kinywa nimpe yake yote. Dada akatoa mkono garini akanishika kiganja, akakibana.

"Ahsante, baba," alimwambia Sabiri. "Umenitendea wema."

Na kweli alikuwa ametenda wema, hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mtu mbaya ningemjua la kumfanya.

Kisha akamwomba atupeleke Mkwaja. Sabiri alishtuka, akatazama huku na huku kama anayetafuta mzee wa kumuuliza, halafu akasema haya, twendeni.

Tulivuka Pangani tukaendelea kusini. Gari halikutikisika wala halikunuka petroli. Zamani mle ndani ilibidi upige kelele ndipo usikike. Sasa ningeweza kunong'ona nikasikika. Kijakazi alikaa mbele, mikono mapajani, akitazama nje kama mgeni.

Makaburini hakuingia ndani sana. Sabiri alimwonesha kaburi kwa kidole, akarudi nyuma yetu na ufunguo mkononi. Dada aliinua viganja akaomba dua ndefu, akajipangusa uso. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mtu aliye chumba cha pili:

"Idarusi, nimekuja. Ila nimekuja na gari la watu."

Ndipo akalia. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya msiba, akiwa amechuchumaa mchangani na nguo zake mpya, nami nimemshika nikilia naye.

Nilipogeuka nilimwona Sabiri. Alikuwa amesikia. Akaniuliza polepole amekosea wapi. Mimi Nasma, ambaye sijawahi kukosa neno la kumchoma mtu, nilimwambia hajakosea kitu. Hakuniamini. Alimpenda kaka yake, na kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amemtoa mle garini.

Jua lilipoanza kupungua alitangulia akamfungulia dada mlango wa mbele, akaushikilia. Kijakazi alimshukuru, akampita, akapanda nyuma kama abiria.