Msumeno Unaovuta Kushoto

Mwaka ule wa sitini na sita msumeno wetu wa injini ulianza kupinda kuelekea kushoto, na mume wangu Osoro akaamua kwamba kosa ni langu. Sikubisha. Meno ya kushoto yalikuwa yangu kweli.

Msumeno wenyewe ulikuwa mali ya kanisa letu la Sabato pale Masara. Watu waliuita pawa. Ulikuwa mdogo, mtu mmoja aliubeba bila kutokwa jasho, na Osoro alikuwa akipasulia mbao za kanisa jipya. Cheni ya pawa ina meno yanayopishana, moja linatazama kulia, linalofuata linatazama kushoto. Osoro hushika tupa kwa mkono wa kulia, na kunoa upande ule mwingine kulimshinda tangu mwanzo. Mimi natumia kushoto. Mama mkwe hakuwahi kula ugali niliompakulia bila kukunja uso, lakini kwenye cheni mkono huo ulipata kazi yake. Tuliketi tukitazamana, pawa katikati, kila mtu na meno yake, na mbao zikatoka zimenyooka.

Kisha zikaanza kupinda. Osoro anaufuata mstari wa makaa vizuri, halafu katikati ya gogo pawa inakwepa kushoto, taratibu, hadi ubao unatoka mnene huku na mwembamba kule. Akaligeuza juu chini lile bapa la chuma linalozungukwa na cheni. Akakaza cheni, akailegeza. Akabadilisha oili. Wapi!

"Mama Okemwa, ni upande wako," akasema. "Ukilima na ng'ombe wawili, wa kushoto akiwa mvivu, jembe linaenda wapi?"

"Kushoto," nikajibu, kwa sababu ndivyo ilivyo. Nimeswaga ng'ombe wa kulima tangu utoto. Mwenye nguvu hutangulia, na jozi nzima humgeukia yule dhaifu.

"Basi noa."

Nikanoa. Nikanoa mpaka meno yangu yakawa yanang'ata ukucha ukiyagusa tu. Pawa ikavuta kushoto zaidi. Nikanoa tena, na ubao uliofuata ukatoka umepinda kama pembe. Nilichanganyikiwa. Kuna kazi gani duniani ambayo ukiongeza bidii inaharibika zaidi? Nilianza kufikiri labda mama mkwe alikuwa na haki kuhusu huu mkono.

Mzee Maroa, Mkuria mpole aliyesimamia ujenzi wa kanisa, akaja akazunguka rundo la mbao.

"Osoro, hii siwezi weka kwa kanisa. Watu watakuwa wanaomba, wanaona ng'ombe nje kwa ukuta. Ijumaa nakuja. Kama iko hivi bado, pawa nitapea Gisiri."

Gisiri alikuwa mpwa wake, naye alikuwa ameutamani msumeno ule tangu siku ulipofika. Sisi hatukuwa na shamba Masara, tulikuwa wapangaji. Pawa ikienda, tungerudi Kisii kumwomba shemeji kipande cha kupanda mahindi, na shemeji tunamjua. Siku hiyo Osoro hakula.

Alhamisi akaenda Migori kununua petroli. Nikabaki na cheni na hasira zangu. Nikasema, kama meno yake ndiyo mazuri, acha niyatazame niige. Nikahamia kiti chake.

Nikapitisha ukucha kwenye jino lake. Ukateleza. Nikajaribu linalofuata, ukateleza tena. Ncha zilikuwa butu kama ufizi wa mtoto. Na pembeni, kwenye vile vyuma vinavyoshikanisha meno, kulikuwa na mikwaruzo mipya ya tupa, mingi, mahali ambapo tupa haina shughuli. Mwanamume huyu alikuwa akinoa pembeni ya jino.

Nikaduwaa. Kama butu ni ya kulia, mbona pawa inakuja kwangu? Nikaligeuza jambo hilo kichwani hadi nikaichukia cheni yenyewe. Ng'ombe anavuta. Lakini jino halivuti, jino linakula. Linakula upande wake wa mti, na msumeno unaingia pale palipoliwa. Kumbe kila nilipoyanoa yangu nilikuwa ninauita kwangu!

Hilo nikalielewa. La pili likanishinda. Osoro huona mbuzi ng'ambo ya mto na kukuambia ni wa nani. Itakuwaje asione jino lililo magotini pake? Halafu nikakumbuka kwamba tangu masika ni mimi ninayesoma fungu kanisani, eti yeye koo linamkwaruza. Nikaogopa. Nikashika tupa, nikanoa upande wake wote, nimejikunja vibaya mgongo unalia. Aliporudi sikumwambia kitu.

Ijumaa Mzee Maroa alifika jua likiwa bado juu, kabla Sabato haijaingia. Osoro akawasha. Pawa ikaingia kwenye gogo ikitema vipande vinene, si vumbi, ikaenda moja kwa moja hadi mwisho. Maroa akauinua ubao, akafumba jicho moja, akautazama urefu wake.

"Eee. Sasa mama amejua kunoa."

Nilishukuru, kweli kabisa. Lawama hiyo ningeibeba hadi uzeeni mradi pawa ibaki. Nikamtazama Osoro nikingoja acheke ili tumalize.

Hakucheka. Alikuwa amezima injini na anapapasa cheni ikiwa bado na joto, jino baada ya jino, upande wake.

"Mzee," akasema, "huyu alijua kunoa kitambo. Ni mimi sioni jino. Tangu masika nanoa kwa kukumbuka tu. Halafu namsingizia."

Nilitaka kumziba mdomo. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumchapa na ule ubao, na sikujua nianze na lipi.

Mzee Maroa akautazama mkono wangu wa kushoto.

"Hizi zote, kulia na kushoto, ni wewe umenoa?"

"Ni mimi, mzee."

"Kama ni hivyo pawa ibaki. Lakini mbao ikipinda tena, ni wewe nitauliza. Si huyu."

Alipoondoka, Osoro akatoa tupa yake mfukoni akaninyooshea bila kunitazama. "Chukua na hii."

Sikuichukua. Nikamketisha, nikakishika kidole chake, nikakilaza kwenye jino, chini kidogo ya ncha, kisha nikailaza tupa pale kidole kilipokuwa.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo. Sukuma, baba Okemwa. Jua bado halijazama."