Mapezi Matatu ya Mpira

Injini ya kivuko, iliyoopolewa ziwani, ililetwa kwa fundi Jumatatu asubuhi, majani ya ziwa yakiwa bado yameng'ang'ania pangaboi lake. Aliifunga kwenye stendi ya mbao nyuma ya nyumba ya mama yake, akalegeza boliti, akauvuta mguu wa injini taratibu mpaka shafti ikatoka, kisha akaifungua pampu ya maji. Impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kuipoza injini, ilikuwa imekakamaa. Mapezi yake matatu yalikuwa yamekatika.

Halikuwa jambo geni kwake. Zaidi ya mara moja alimwambia tajiri, mwenye kivuko, kwamba injini yake haikojoi sawasawa, maji ya kuipoza hayatoki vizuri kwenye kitundu chake. Tajiri alimjibu, "Ikifa tutaitengeneza." Ikafia katikati ya ziwa, mawimbi yakaipiga boti ubavuni, abiria wakazama. Nahodha, kaka yake fundi, alizama nao na mwili wake haukupatikana. Tume ya uchunguzi ikakaa asubuhi moja, ikasema nahodha alikuwa amelewa. Mtu ambaye hata dawa ya kikohozi ilimtia kizunguzungu! Tangu hapo mama yao aliacha kwenda sokoni, maana wafiwa walikuwa wakimpa mgongo.

Fundi aliyatafuta mapezi yaliyokatika. Yakibaki ndani huziba njia za maji, na injini huchemka upya. Alipuliza kila tundu, akafungua mpaka kichwa cha injini. Hola.

Jioni kaka yake akaja. Aliingia kwa mlango wa uani, maji yakimchuruzika, akavua viatu kwa sababu mama alikuwa ametoka kupiga deki. Mama akampa taulo.

"Umekonda, mwanangu."

"Chakula cha huko ni cha shida, mama."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama fundi akihangaika. "Unatafuta nini, mdogo wangu?"

"Mapezi ya impela."

"Ngoja kidogo." Akakohoa kwa muda mrefu, akatema kipande cheusi cha mpira kiganjani. Akakohoa tena na tena, mpaka vikatimia vitatu. Fundi akaviosha, akavipachika kwenye impela kuukuu. Vilikaa barabara.

"Vilikufikaje kifuani, kaka?"

"Nilikuwa nanyonya kile kitundu cha maji kwa mdomo, labda yangekuja. Watu walikuwa wananishika shati. Nikawaambia wakae, tutafika."

Fundi akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji hadi machozi yalipokatika. Aliyafuta kwa bega, mikono ilikuwa na grisi.

Tajiri alipokuja kesho yake, alimkuta nahodha palepale kwenye ndoo, akamwitikia salamu. Fundi akaweka impela na vipande vyake mezani.

"Tajiri, haya yametoka kifuani mwa kaka. Injini iliungua, na wewe nilikuambia. Nenda kwenye tume ukamsafishie jina."

Tajiri alivichukua vipande, akavilinganisha na mikato ya impela kimoja kimoja, kwa makini.

"Ndiyo yote?"

"Yote."

"Basi hakuna kilichobaki ndani. Funga mashine." Akavitupa kwenye pipa la taka, akamgeukia nahodha. "Kesho abiria ni wengi. Utakuwepo?"

"Makoti ya kuokolea umenunua?"

"Wewe koti la nini tena?"

Tajiri alipoondoka, fundi alitupa spana chini. "Siifungi. Aitafutie fundi mwingine."

"Fundi mwingine ataifunga ovyo," kaka yake akasema. "Na watu watapanda tu. Funga wewe, mdogo wangu."

Akaifunga. Alipaka impela mpya maji ya sabuni, akashusha kifuniko huku akiizungusha shafti polepole ili mapezi yalale upande wake, akaweka gasketi mpya, akakaza. Kaka yake alimshikia mguu wa injini. Mikono yake ilikuwa baridi.

Asubuhi injini ilikojoa vizuri, mkojo mmoja mnene. Abiria wakapanda mpaka maji yakakaribia ukingo. Waliokuwa wakimjua nahodha walimsalimia kwa mkato, wakavuta mizigo yao mbali na maji yaliyomtiririka. Mwanamke mmoja akamshika mwanawe mkono.

"Njoo huku mbele," akamwambia. "Huyo ndiye yule mlevi."

Nahodha akangoja mtoto aketi, ndipo akaiondoa boti.