Udongo Unaokunywa

Nimesema uongo mwingi maishani mwangu, na mwingi wake haukumdhuru mtu. Niliwahi kuwaambia watu wa Gilgil kwamba nyani alinipokonya kofia Jumamosi, na Jumapili nikamkuta kanisani ameivaa, amekaa kiti cha mbele. Wakaniuliza, "Kiprugut, alitoa sadaka au hakutoa?" Kwa hiyo ukitaka kuacha kusoma hapa, sitakulaumu. Lakini habari hii sijaitia chumvi.

Mwaka wa 1956 nilikuwa nachimba udongo mweupe kule Kariandusi, juu kidogo ya ziwa la Elmenteita. Udongo huo ni mwepesi kama mkate mkavu, na ukiugusa kwa ncha ya ulimi unanata. Walisema unapelekwa viwandani kuchujia pombe na sukari. Jioni tulitoka machimboni tukiwa weupe kuanzia nyusi hadi kucha, hata mbwa wetu wenyewe wakawa wanatubwekea.

Mke wangu Chepchirchir alikuwa ananingoja mlangoni na mtoto wetu Cheptanui mgongoni.

"Karibu, bwana mzungu," alikuwa akisema. "Umemwona Baba Cheptanui?"

"Nimemla."

"Ulimla na viatu? Basi utaumwa na tumbo."

Kila siku hivyo hivyo, na kila siku tulicheka kama ni mara ya kwanza.

Lakini mwenye kuumwa na tumbo alikuwa yeye. Kwa miaka miwili alikwenda chooni mara nane, mara kumi kwa siku, na choo kikiwa na damu. Mama yake alitoka Olenguruone na kibuyu cha maziwa yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe, dawa ya mtu aliyeishiwa damu tangu zamani za babu zetu. Tumbo likakataa. Viganja vya Chepchirchir vikawa vyeupe kuliko vyangu vya machimboni, ila vyangu vilioshwa vikarudi rangi. Akipanda ule mteremko mdogo wa kisimani, moyo ulimpiga mpaka niliuona ukirusha kitambaa cha gauni.

Nikampeleka hospitali, Nakuru. Daktari alikuwa mzungu mrefu tuliyemwita Miwani, na maneno yake yalitafsiriwa na dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, Mathenge, kijana mpole asiyependa haraka.

"Daktari anasema utumbo wake mkubwa una vidonda," Mathenge aliniambia. "Vinavuja damu kidogo kidogo kila siku, na kila damu ikitoka, inatoka na chuma. Damu yake haina chuma tena, mzee."

"Basi tumpe jembe ale," nikasema.

Mathenge akacheka, halafu hakutafsiri. Tukapewa vidonge vya chuma, vitatu kwa siku. Mathenge akatuonya kwamba choo kitakuwa cheusi, tusiogope.

Choo kilikuwa cheusi kweli. Lakini vidonge vilimchoma tumbo kana kwamba amemeza makaa. Alikuwa akijikunja kitandani, magoti kidevuni, na mimi nisijue la kufanya. Nisipojua la kufanya huwa nasimulia. Nikamwambia habari za udongo wetu.

"Ule udongo una kiu," nikasema. "Hapo kale ziwa lilifika mpaka mlimani. Udongo ukalinywa, ukabakiza hicho kidimbwi cha ndege. Juzi msimamizi alimwaga debe zima la mafuta ya taa. Ukayanywa. Akainama kutazama yamekwenda wapi, ukamnywa masharubu."

Alicheka huku ameshika tumbo.

"Baba Cheptanui. Niletee kipande."

"Cha nini?"

"Kama ulimaliza ziwa, utashindwa na tumbo la mwanamke mmoja?"

Nikamletea mfukoni, kesho yake na kila siku baada ya hapo. Akawa anaulowesha maji, anaufinyanga kama tonge, anafunga kidonge ndani, anameza. Hakikumchoma tena. Vipande vingine alivila vitupu. Alisema unanukia kama mvua ya kwanza, na kwamba hata usingizini anautamani. Alilala vizuri. Nilijiona mimi ndiye daktari, Miwani ni karani wangu.

Baada ya miezi miwili tulirudi Nakuru. Kabla hatujaingia ndani, Chepchirchir alinishika mkono wa shati.

"Usiseme habari za udongo," akaninong'oneza. "Udongo ni wa wenye mimba. Watasema nina wazimu. Na daktari akinikataza, nitalala vipi?"

Miwani alimtoboa kidole, akaenda na damu, akarudi amekunja uso.

"Imeshuka," Mathenge akasema. "Daktari anauliza, vidonge anameza kweli?"

"Anameza. Mimi mwenyewe namwona."

Hilo lilikuwa kweli.

"Vinamkaa tumboni?"

"Kama uji."

"Anauliza pia, hana tabia ya kula udongo? Wengi wasio na damu huutamani."

Chepchirchir alitazama sakafu. Nikajikohoza. Nikatoa uongo wangu mfupi kuliko wote, usio hata na nyani ndani yake.

"Mke wangu? Huyo hata kiazi chenye vumbi hali."

Mathenge akatafsiri. Miwani akaandika. Tukapewa vidonge vingine vya miezi miwili, tukarudi kwa lori la machimbo, naye akaniegemea begani njia nzima akasema, "Asante."

Neno hilo ninalo hadi leo.

Mwezi wa kumi na moja alianza kuvimba miguu. Hakuweza tena kumbeba Cheptanui. Siku moja nilikuwa nyumbani kwa sababu ya mvua, nikaona kwenye kizingiti cha dirisha tonge moja alilolifinyanga siku chache kabla akalisahau. Lilikuwa limekauka. Nikalivunja tu, mikono haikuwa na kazi.

Ndani hapakuwa na kidonge. Palikuwa na nafasi yake, shimo dogo la duara, na kulizunguka udongo ulikuwa na rangi ya kutu, kutu imeenea mpaka karibu na ngozi ya nje. Udongo ulikuwa umekinywa.

Nilisimama pale dirishani. Maneno yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyesema una kiu.

Nilichukua baiskeli, nikaendesha kwenye mvua hiyohiyo mpaka Nakuru, nusu ya lile tonge ndani ya kofia. Nilimkuta Mathenge mlangoni, naye akanipeleka kwa daktari nikiwa natiririka maji sakafuni.

"Mwambie nilisema uongo," nikasema. "Anakula udongo. Anafunga dawa ndani yake. Tazama."

Mathenge alilitazama lile tonge kwanza, kisha akanitazama mimi, kisha ndipo akatafsiri. Miwani alilichukua, akaligeuza chini ya taa. Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza.

"Anasema kuna chuma cha sindano," Mathenge akasema polepole. "Kinaingia kwenye nyama ya kalio, hakipiti tumboni kabisa. Kilikuwa hapa ile siku mlipokuja. Ni kichache, anawawekea wale ambao tumbo limekataa vidonge au halivipokei. Kama angejua, mzee, angeanza siku ile."

"Ni sindano ngapi?"

"Kama kumi. Mlete leo."

Nikamleta kwa lori usiku huohuo. Asubuhi wakamchoma ya kwanza. Dawa ilikuwa nyeusi kama chai ya jela, na mahali ilipoingia pakabaki doa la hudhurungi, upana wa kidole gumba. Aligeuza shingo akajitazama.

"Baba Cheptanui, tazama," akasema. "Nimeota kutu."

"Ni vizuri. Kitu hakioti kutu kama si chuma."

"Basi usiniache kwenye mvua."

Nilimwambia ukweli siku hiyo, yote, kwamba ni udongo wangu na ni mdomo wangu. Akavuta blanketi.

"Mimi ndiye niliyekuomba unyamaze."

"Na mimi ndiye niliyejua kusema."

"Tugawane," akasema. "Nusu yako, nusu yangu. Sasa niambie ule wa nyani." Nikamwambia ule wa nyani.

Alipata ya pili. Alipata ya tatu. Mathenge alisema damu haiwezi kujijenga kwa siku tatu hata ukimwaga chuma kwa ndoo, na kwamba moyo umefanya kazi ya watu wawili kwa muda mrefu mno. Siku ya nne nilitoka kazini moja kwa moja bila kunawa, nikiwa mweupe, nikasimama kando ya kitanda. Alifumbua macho akanitazama kwa makini.

"Umemwona Baba Cheptanui?" akauliza.

Nilingoja atabasamu. Uso wake haukubadilika.

"Yuko njiani," nikasema. "Anakuja."

"Mwambie afanye haraka."

Nikakimbia nje kwenye bomba, nikanawa uso, mikono, shingo. Nilirudi nikiwa na rangi yangu. Alikuwa ameshakwenda.

Tulimrudisha nyumbani kumzika. Wanawake wa kanisa walimwosha, wakiongozwa na jirani yetu Jepkorir, nami nikakaa nje ya mlango, Cheptanui amelala mapajani. Nikasikia kitambaa kikisugua mahali pamoja, kikisugua tena. Jepkorir akachungulia.

"Baba Cheptanui, kuna uchafu hapa kalioni, madoa matatu. Tumetumia sabuni, hayatoki. Ni nini?"

"Yaacheni," nikasema. "Si uchafu. Ni chuma. Daktari alimtia chuma kwa sindano, kiingie kwenye damu."

Jepkorir alinijua vizuri, alikuwa ameucheka uongo wangu mlangoni pangu miaka yote ile.

"Hata leo?" akasema, kwa upole kabisa. "Hata leo, Kiprugut?"

Akarudi ndani, na kitambaa kikaanza tena.