Shavu la Seremala

Seremala aliingia chumba cha vipimo kifua mbele, utadhani anakwenda kupokea zawadi. Uongo mtupu! Moyo ulikuwa unamwenda mbio, maana barua ya kiwandani ilisema wazi: vidole vikionekana vimekufa ganzi, basi mashine ya kupiga msasa aiage, miaka yake ishirini na sita ibaki hadithi.

Mkewe aliketi kando, mkoba mapajani.

"Kijiti hiki kitatetemeka, baba," alisema mpimaji, binti mpole mwenye miwani. "Ukisikia kwenye kidole, sema ndiyo. Usiposikia, nyamaza."

"Hilo tu? Anza, mwanangu."

Kidole cha kwanza, ndiyo. Cha pili, ndiyo. Ndiyo mpaka kidole gumba! Mkewe akashusha pumzi. Kumbe fundi wetu, mjanja wa mwisho, alikuwa anasikiliza mvumo wa kile chombo kwa masikio.

Binti naye si wa kuchezewa. Akamziba masikio, akamwambia afumbe macho, akaanza upya. Kidole baada ya kidole, kimya. Mkono wa pili, kimya. Kisha, ili alinganishe, akamgusisha kijiti shavuni.

"Ndiyo!" akaropoka.

Kikapunguzwa nguvu. "Ndiyo!" Kikapunguzwa tena, kikawa hafifu kabisa. "Ndiyo, ndiyo!"

Binti akamzibua masikio. "Shavu zima kabisa, baba. Lakini mikono... tangu lini?"

Seremala akainama. Aibu ilimjaa. "Miaka miwili."

"Na hizo meza ulizopiga msasa, ulijuaje zimelainika?"

"Nasubiri wenzangu waende kula, kisha naulalia ubao kwa shavu."

"Miaka miwili!" Mkewe alisimama, mkoba ukaanguka. "Nikikupa mkono unaukwepa, nami nalia chooni, najua umeshanichoka!"

"Nikuchoke wewe, mama watoto? Niliogopa tu. Nikikushika, sikusikii."

Mwanamke alitaka kumgombeza, akaghairi. Akasogeza kiti, akamwekea kiganja shavuni.

"Na hapa?"

"Hapo nakusikia," alisema. "Nasikia mpaka unavyotetemeka."

Mezani, binti alikuwa anajaza fomu, kidole kimoja kimoja, hapana, hapana. Mashine ndiyo imekwenda hivyo, na seremala alijua. Hakugeuka kutazama.