Safari ya Salalah Iliyoishia Qurayyat

Mahfoudh hakuwa na leseni ya gari kubwa, wala hakuitaka. Hakuwa na mke. Marehemu alikwishatangulia mbele ya haki. Hakuwa na magego upande wa kulia. Hakuwa na shahada ya chuo, ingawa alikuwa na elimu aliyoitafuta mwenyewe kwa madarasa ya usiku, mchana akisoma mita za maji za watu. Hakuwa na uvumilivu kwa mtu anayezungumza huku anatafuna. Na zaidi ya yote, hakuwa na sababu hata moja ya kuamini kwamba mkwewe Khalil, ambaye kila Ijumaa alilalamikia urefu wa njia kutoka kwake Al Amerat mpaka Darsait, humo humo Maskati, ghafla amepata hamu ya kuendesha gari mpaka Salalah, kusini kabisa ya Oman, kwa ajili ya kumfurahisha yeye.

"Ni mapumziko tu, baba," alisema Ruba, binti yake, alipokuja kumchukua. "Utalala, utakula, utaona nchi."

"Nchi nnaiona hapa dirishani."

"Hapo dirishani unaona duka la matairi."

"Basi na hilo ni nchi."

Gari lenyewe lilikuwa jeupe na refu, lina vitanda, jiko, friji na choo ndani yake, na Khalil aliliazima kwa rafiki yake wa kazini. Fundi wa matairi wa ng'ambo ya barabara alitoka, akalizunguka, akainama kuangalia chini, akatikisa kichwa, akarudi dukani kwake bila kusema neno. Khalil hakukiona kichwa kile. Mahfoudh alikiona.

Ndani, kwenye kiti kizuri kuliko vyote, alikuwa ameshakaa Bi Muhsina, shangazi yake Khalil. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mkaazi wa Qurayyat, mji wa pwani, na siku zile alivaa miwani myeusi kwa sababu ya jicho lililokuwa likitibiwa. Mapajani alipakata chupa ya achari ya ndimu.

"Sabalkheri, Bi Muhsina."

"Sabalkheri. Hujambo lakini? Wamenambia unasahausahau."

"Nani kakwambia?"

"Wamenambia tu."

Mahfoudh alimtazama Khalil kwenye kioo cha mbele. Khalil akageuza kioo.

Njia ya kupanda milima kuelekea Al Amerat ndiyo iliyolivua gari nguo. Kwenye kona ya kwanza kabati la jikoni lilifunguka lenyewe, sufuria ya biriani ikashuka, na wali ukaenea mpaka chini ya kanyagio la breki. Kwenye kona ya pili chupa ya achari ilimponyoka Bi Muhsina ikapasuka, na pilipili ikawaingia watu wote machoni, kasoro yeye mwenye miwani. Kisha sindano ya joto ikaanza kupanda. Khalil alizima kiyoyozi, akafungua hita ili, alivyosema, kuisaidia injini, na wote wanne wakapanda mlima wakitoka jasho, wakilia machozi ya achari, huku malori yakiwapita na kuwapigia honi.

"Injini inapumua," alisema Khalil.

"Inakata roho," alisema Mahfoudh.

Gari lilizimika. Na lilizimika wapi? Hatua chache tu kutoka nyumbani kwa Khalil mwenyewe, Al Amerat. Mahfoudh alilipima jambo hilo akaliona zito. Gari linaloharibika kwa bahati mbaya huharibika jangwani. Hili lilichagua mlango wa mwenyewe.

Walikaa hapo siku kadhaa wakisubiri fundi alete kipuri. Ruba akawatembeza wageni kuwaonesha sehemu mpya ya nyumba, upande wa nyuma: vyumba viwili, ukuta kwa ukuta, vimepakwa rangi ya maziwa. "Vya wageni," alisema. Mahfoudh aliingia chooni, akatoka.

"Ruba."

"Labeka, baba."

"Wageni gani hawa wanaohitaji chuma cha kushikia ukutani, pembeni ya choo?"

Ruba alicheka kicheko kifupi, akasema siku hizi ndiyo mtindo. Mahfoudh akaingia chumba cha pili. Nako kulikuwa na chuma.

Tangu hapo hakulala usingizi wa mtu huru. Kila asubuhi Khalil alimletea chai na kumuuliza kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtoto, "Eti baba, leo siku gani vile?" Mahfoudh alijibu siku, tarehe ya Kizungu na tarehe ya Kiislamu, kisha akamuuliza Khalil naye tarehe ya Kiislamu, na Khalil hakuijua. Lakini swali lilirudi kesho yake. Na Bi Muhsina naye hakumwondolea macho. Mahfoudh akitafuta kofia, Bi Muhsina alitazama. Akiinuka kwenda jikoni, Bi Muhsina aliinuka kumfuata.

Alijua wazi walilokuwa wakilitaka. Walitaka kumtoa Darsait. Nyumba ile aliijenga chumba kwa chumba, na funguo zake zilikuwa mfukoni mwake. Alizishika mara kwa mara ili ahakikishe. Alijua pia kwamba mtu hutolewa nyumbani kwake kwa huruma kwa urahisi kuliko kwa nguvu. Asichojua ni lini, wala nani mwengine yumo.

Gari lilipopona wakashika njia ya pwani. Kufika Qurayyat, Bi Muhsina akataka wapite kwake atazame kama mlango umefungwa.

"Shangazi, umefungwa. Nimeufunga mimi," alisema Khalil.

"Ndiyo maana nataka kuutazama."

Khalil hakupita. Alikata kushoto akasema anajua njia ya mkato inayopita kando ya bonde, na baada ya mitende michache gari likazama mchangani mpaka kwenye ekseli. Alipolichochea lizame vizuri zaidi, upepo ukafungua turubai la pembeni, ukalichana, ukakivisha kioo cha mbele kama buibui. Tangi la choo nalo likaanza kuvuja. Ruba alitoka ameziba pua. Khalil aliingia chini ya gari, na ikawa miguu yake tu inaonekana.

Mahfoudh na Bi Muhsina walikaa kwenye kivuli cha mtende, wamepeana ubavu.

Bi Muhsina akasema, bila kugeuka, "Wamekwambia nini juu yangu?"

"Nani?"

"Bwana we, usijifanye. Tangu Darsait unanitazama kama askari wa forodha."

Mahfoudh alifikiri kama aseme. "Khalil kanambia unaanguka. Kanambia, baba, nisaidie kumtazama shangazi, akisimama usimwache peke yake."

Bi Muhsina akavua miwani. Jicho lake moja lilikuwa jekundu, la pili kali. "Mimi nianguke? Na mimi nimeambiwa nikutazame wewe. Unaacha jiko linawaka."

"Jiko langu la umeme! Linajizima lenyewe!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakageuza macho kuitazama ile miguu iliyochomoza chini ya gari.

Hapo ndipo alipofika Marhoon, mtu wa makamo, mwenye shamba karibu, na pikapu. Asili yake watu wa jangwani, alihamia pwani kwa ajili ya mke. Aliangalia gari, akasema kwa Kiarabu kwamba pikapu yake haitoshi, amempigia binamu yake aje na trekta, na mpaka trekta ifike wao ni wageni wake. Akatandika mkeka, akashusha tende na birika la kahawa. Khalil akatoka chini ya gari, wote wakakaa, wanawake upande mmoja. Marhoon akamimina, akaanza kwa mkubwa, akampa Mahfoudh.

Mahfoudh alikuwa amekishika kikombe aliponyanyua macho na kumwona Khalil amejivuta nyuma, ananong'ona na Ruba sikioni. Ruba alimtazama babake, akaitika kwa kichwa. Mahfoudh alitaka kusikia. Akakiweka kikombe chini kwenye mkeka, hajakinusa, akaegemea upande wao.

Marhoon aliacha kumimina. Akaweka birika chini.

"Umeweka kikombe, mzee wangu," alisema. "Kumbe umekuja na haja. Sema, imeshakubaliwa. Halafu unywe."

Mahfoudh aliishi Maskati zaidi ya nusu ya umri wake, lakini aliishi Darsait, na watu wa Unguja, ambako kahawa hunywewa na kashata na kikombe huwekwa popote. Alijua kukitikisa kikombe anapotosheka. Habari hii ya kukiweka kikiwa kimejaa aliwahi kuisoma tu: kwamba kwa watu wa jangwani mgeni asiyekunywa ana ombi, na mwenyeji hawezi kumnyima bila ya aibu.

"Baba," Ruba alimnong'oneza kwa Kiswahili, upesi, "kichukue unywe. Mwambie umesahau."

Umesahau. Neno hilo ndilo Mahfoudh alilokuwa akilikimbia tangu Darsait. Akilitamka mbele ya mashahidi, keshajifungia mwenyewe ndani ya kile chumba cha rangi ya maziwa.

"Sikusahau," alisema. Akamgeukia Marhoon, akasema kwa Kiarabu kilichonyooka, "Nna haja. Haja yangu ni huyu mkwe wangu aniambie, hapa kwenye mkeka wako, safari hii tunakwenda wapi na tutarudi wapi."

Marhoon alitarajia kuombwa kamba, au dizeli, pengine mbuzi. Lakini alikuwa ameshatamka. Akamgeukia Khalil.

"Nimeshakubali, ndugu yangu. Uso wangu usinivunjie."

Khalil alijifuta mchanga shingoni. Alianza na nia njema. Akaendelea na mapenzi. Marhoon akamsubiri kwa adabu mpaka maneno yale yakamwishia, na ndipo yakatoka mengine: kwamba wakitoka Salalah wasingerudi Darsait, wangerudi Al Amerat, kwamba chumba kimoja ni cha baba na cha pili cha shangazi, kwamba ipo familia imeshaiona nyumba ya Darsait kwa nje na inataka kuipanga.

"Na yangu?" aliuliza Bi Muhsina.

"Yako bado, shangazi."

"Bado! Kama mkate uliomo tanurini."

Ruba alikuwa analia. "Baba, tukikupigia simu hupokei. Mimi silali. Siku moja nitakuja nikukute..." Hakumaliza.

Hilo lilimchoma Mahfoudh kuliko yote.

"Mtu mmoja peke yake hawezi," alisema Khalil, sasa kwa ukali wa mtu aliyekamatwa. "Ndilo neno langu moja tu. Ungekuwa na mtu ndani ya nyumba, wallahi nisingefungua mdomo."

"Nimesikia," alisema Marhoon.

Mahfoudh akanyanyua kikombe, akanywa, akakitikisa.

Trekta ilipofika, Khalil na Marhoon wakaenda kufunga minyororo, na Ruba akaenda kuwapigia kelele. Bi Muhsina alibaki mkekani akichokonoa kokwa ya tende.

"Umemsikia alivyoapa?"

"Nimemsikia."

"Nyumba yako ina ngazi?"

"Chache."

"Ngazi napanda."

Mahfoudh akauliza kama alivyokuwa akiuliza wenye nyumba waliochezea mita, taratibu, huku anatazama mikono ya mtu. "Bi Muhsina, wewe hasa unataka nini? Na nani aliyekutuma?"

"Hajanituma mtu. Nataka mlango nifunge mwenyewe. Daktari wa jicho langu yuko Ruwi, hapo na kwako ni pua na mdomo. Na sitaki kuulizwa kila asubuhi leo siku gani."

"Na wewe wanakuuliza?"

"Kila asubuhi! Jana nikamwambia Khalil ni siku yako ya kunyamaza." Akatupa kokwa. "Wewe mkorofi, Bwana Mahfoudh. Lakini mkorofi wa wazi. Basi. Nimesema, sirudii."

"Walii wako wa kukuoza nani?"

"Baba hayupo, kaka zangu wote wametangulia. Amebaki huyo huyo."

"Khalil?"

"Khalil. Na mimi siombwi kwa kikombe cha kahawa kwenye mchanga. Kwetu watu wa Unguja mke huposwa kwa barua."

Minyororo ilikazika, trekta ikanguruma, na gari likatoka mchangani likiacha nyuma bampa lake. Likarudi Maskati mgongoni mwa gari la kubebea magari.

Nyumbani Darsait, Mahfoudh alifungua mlango kwa funguo zake mwenyewe, akaosha mikono, akakaa mezani. Alichana karatasi mbili kabla ya kuridhika na ya tatu.

*Kwa Bwana Khalil, mkwe wangu na walii wa Bi Muhsina. Baada ya salamu, naja kwako kwa adabu zote kumposa shangazi yako, akikubali mwenyewe kukaa nami Darsait, na nyumba yake ya Qurayyat ibaki yake. Uliapa mbele ya Bwana Marhoon kwamba nikiwa na mtu ndani hutafungua mdomo. Ufungue mara hii moja tu, kusema ndiyo, kisha ufunge. Mwambie Ruba kwamba kuanzia leo simu napokea. Naomba jibu kwa maandishi.*

Hakumpa mtu ampelekee, maana mkono wa mtu hupoteza. Aliichukua mwenyewe mpaka posta ya Ruwi. Akiwa kwenye foleni, wazo likamjia: Khalil alipoapa kule mchangani, "ungekuwa na mtu ndani ya nyumba," alikuwa anamtazama nani? Mahfoudh alijaribu kukumbuka macho yale. Hayakuwa kwake. Yalikuwa upande wa wanawake. Na vile vyumba viwili ukuta kwa ukuta, na kile kiti kizuri alichowekewa Bi Muhsina, na kila mmoja kupewa kazi ya kumtazama mwenzake asubuhi mpaka jioni...

Alimpigia Bi Muhsina palepale, akamweleza.

"Kama walipanga tuoane," alisema Bi Muhsina, "wamepanga vizuri. Kama hawakupanga, watakoma. Umeshaituma?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Mahfoudh alilamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaikandamiza kwa ngumi yake juu ya kaunta. Akamwambia karani aiandikishe, ili Khalil asiipokee mpaka atie saini. Kisha akasimama palepale, watu nyuma yake wakikohoa, mpaka alipoiona kwa macho yake imeingia ndani ya mfuko wa barua.