Kisomo cha Kwenye Simu

Fundi friji alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya bucha, anatafuta gesi inapovujia, dada yake alipompigia simu kumwambia kuwa ufa wa ukutani umeziba. Ufa wenyewe ulikuwa juu ya kitanda cha mama yao, unaingia kidole, na sasa ukuta umekuwa laini, hata rangi imerudi. Fundi akauliza mama anaendeleaje. Dada akasema yuko vilevile, na ameuliza tena mwanawe anakuja lini.

"Mwambie nikimaliza hapa," fundi alisema.

Mama alikuwa na maumivu ya mgongo ambayo dawa za hospitali ziliyapunguza tu, ndipo akamwomba mwanawe amsomee Kurani. Fundi alikuwa na sauti nzuri tangu utotoni madrasa, ila ni mtu mwenye hofu ya Mungu, hakutaka kuparamia mambo. Akaenda kumuuliza imamu kama inafaa. Imamu akamjibu kuwa inafaa bila shaka, maadamu kinachosomwa ni maneno ya Mungu, dawa za hospitali zisiachwe, na wote wawili wajue kuwa mponyaji ni Mungu peke yake. Fundi akauliza tena: je, akijirekodi kwenye simu? Maana ni msimu wa joto, kazi zimemzidi.

"Kuisikiliza Kurani ni kheri wakati wowote, mwanangu," imamu alisema. "Lakini kumsomea mgonjwa ni kukaa naye. Unaweka mkono panapouma, unasoma. Simu haina mkono."

Fundi akashukuru, akaondoka na nusu ya jibu, ile nusu iliyomfaa. Akajirekodi ndani ya gari lake la kazi, vioo vimefungwa, akampa dada yake simu ya akiba aiweke kando ya mto.

Kisomo kilifanya kazi, hilo halina ubishi. Baada ya ufa, mguu wa kitanda uliokuwa umevunjika ukajiunga. Paka mwenye jicho moja akaamka na mawili, akaenda zake kutafuta panya. Jirani aliyesumbuliwa na pumu miaka mingi akaegemea ukuta kwa upande wa chumbani kwake, na pumu ikamwachia. Alikuja kushukuru, akaomba sauti iongezwe kidogo, na dada akaongeza. Mama peke yake ndiye hakupata nafuu. Kisomo kikianza, aligeuza uso mlangoni, kwa kuwa alizoea sauti ya mwanawe kuja na mwenyewe.

"Anasoma vizuri," alimwambia binti yake. "Mwambie aje aniwekee mkono."

Ujumbe ukafika. Ulimkuta fundi kwenye ghala la samaki, kesho yake kwenye duka la dawa, na kote huko jibu lilikuwa lile lile. Hakuwa akisema uongo, kazi ilikuwepo kweli. Wala si kwamba hakumpenda mama yake. Kosa lake ni kudhani kuwa yuko naye tayari.

Mama alifariki adhuhuri moja, simu ikiwa katikati ya sura. Fundi alifika na grisi mikononi, akanawa harakaharaka, akauweka mkono mgongoni, palepale palipokuwa pakiuma, akafumbua mdomo asome. Simu ndiyo iliyoendelea kusoma, kwa sauti yake, bila kukosea hata herufi. Dada hakumlaumu. Alisema tu kuwa tangu asubuhi mama alikuwa amejisogeza ukingoni, ili mwanawe apate pa kukaa.

Fundi alilia sana, na majuto hayakumtoka. Baada ya mazishi watu wakaanza kuja kuomba kile kisomo. Wa kwanza alikuwa fundi magari wa mtaa wa pili, baba yake amepooza.

"Kaa naye wewe mwenyewe, ndugu yangu," fundi alimsihi. "Msomee wewe."

"Ningekaa. Ila si unazijua kazi zetu."

Fundi alizijua. Akamtumia, na baada yake wengine wengi. Siku hizi sauti yake inasikika kutwa katika kila nyumba yenye mgonjwa, na nyumba zenyewe ziko katika hali nzuri sana.